Packard Tupu Nyuma ya Harusi: Maisha ya Fundi Ndambuki Wathome wa Ofafa Jericho

"Baba, mimi siingii kanisani nyuma ya hilo korongo."

"Huyo si korongo. Huyo ni ndege wa Packard."

"Angalia shingo, Baba. Angalia huo mfuko unaoning'inia. Huyo ni korongo wa jalala la Dandora! Wakwe wamekuja na magari sita meupe, yamepanga foleni hadi kwa duka la Mama Kweyu, halafu mimi nitoke hapa nikiongozwa na ndege anayekula matumbo ya buchari?"

"Nimemchonga wiki saba, Clare."

"Ungechonga njiwa. Njiwa hata mtoto anajua kumchonga."

"Basi kamtafute huyo mtoto akuchongee."

Maneno hayo, ndugu, jamaa na marafiki mlioketi hapa, yalisemwa Jumamosi tarehe 5 Desemba 1998, saa mbili na nusu asubuhi, nje ya nyumba ya familia hapa Ofafa Jericho, kati ya marehemu Ndambuki Wathome, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Packard, na binti yake Clare Kavinya, na siku hiyo ilikuwa ya harusi ya Clare. Tunajua si desturi kuanza historia ya marehemu kwa ugomvi, lakini marehemu mwenyewe aliagiza akiwa mgonjwa, akasema, "Nikifa msinipige msasa sana, acheni alama za tezo zionekane," naye Clare alipoulizwa katika kikao cha familia alisema yasomwe yote, kwa hivyo tunayasoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Mei 1939, kulingana na kadi yake ya ubatizo, karibu na soko la Wamunyu, katika wilaya ya Machakos kama ilivyoitwa wakati huo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Wathome Kyalo na marehemu Mama Ndindi. Baba yake alikuwa mchongaji wa vinyago, na kwao, kama alivyopenda kusimulia, watoto walijifunza kutambaa juu ya vumbi la mbao, na mama yao alijua mtoto ameamka kwa kumsikia akipiga chafya.

Alianza shule mwaka 1948, akasoma hadi darasa la nne, na mwisho wa mwaka 1952 baba yake alijikata mkono wa kulia kwa tezo, mkono huo haukupona vizuri, ikabidi Ndambuki, akiwa na miaka kumi na mitatu, aweke daftari chini na kuichukua ile tezo. Mtu akimuuliza alimaliza darasa la ngapi, alijibu kwamba hakumaliza, alisimamishwa njiani, na hatukumsikia hata siku moja akimcheka mtu mwingine aliyesimamishwa njiani.

Aliingia Nairobi mwezi wa Julai 1958 akiwa na nguo za kubadilisha na kifuko cha vyuma vya kuchongea, akakaa kwa mjomba wake huko Majengo, na mchana akachonga Gikomba pamoja na watu wa kwao, swala, twiga na vijiko vya mbao, mchongo mmoja juu ya mwingine bila kupima kwa futi, kwa sababu mchongaji wa Wamunyu hupima kwa kiganja na kwa jicho. Mabaki ya mbao aliyafuata Ngara, katika yadi ya mbao ya marehemu Bwana Lalji, na ndani ya yadi hiyo ndimo alimoliona kwa mara ya kwanza gari jeusi, refu, lenye uso mwembamba wa chuma kinachong'aa, limefunikwa turubai kama mtu aliyelala. Sakafu yake ya mbao ilikuwa imeoza. Bwana Lalji aliuliza kama kuna fundi anayeweza kuitengeneza, mafundi waliokuwepo wakasema waletewe vipimo, naye Ndambuki akaingia ndani ya gari kwa magoti, akapapasa kwa viganja, akatoka, na kesho yake akarudi na sakafu ya mvule iliyoingia mahali pake bila kugongwa nyundo. Kuanzia hapo akapewa kazi ya kuliosha, mwaka 1961 akapata leseni, na kwa miaka saba iliyofuata akawa dereva wa gari hilo. Gari hilo lilikuwa Packard One Twenty la mwaka 1937.

Hapa familia inaomba mtuvumilie kidogo, kwa sababu marehemu alisema mara nyingi kwamba maisha yake na ya Packard ni kama mbao mbili zilizounganishwa kwa gundi, ukizitenganisha utazirarua zote mbili, kwa hivyo tunasoma na historia ya Packard pia, kwa tarehe alizozikariri na kutukaririsha.

Jina la Packard lilizaliwa mwezi wa Novemba 1899 katika mji wa Warren, jimbo la Ohio, nchini Marekani, mikononi mwa ndugu wawili waliokuwa na kiwanda cha vifaa vya umeme. Inasimuliwa kwamba mmoja wao alinunua gari la mtengenezaji mwingine, likawa linamsumbua njiani, akaenda kulalamika, akaambiwa kama anajua sana basi atengeneze lake, naye hakubishana, akaenda akatengeneza. Mwaka 1903 kazi ilihamia Detroit, ikakua, mwaka 1915 kikatoka chombo chenye injini ya silinda kumi na mbili, na kwa muda mrefu Packard likawa gari la wafalme, marais na mabwenyenye, na tangazo lake halikuwa na maneno mengi, lilisema tu, Muulize aliye nalo, maana shahidi alitosha.

Ikaja dhiki ya miaka ya thelathini, matajiri wakapungua, viwanda vingi vya magari ya fahari vikafunga milango, na Packard, ili kisife, kikashuka ngazi, mwaka 1935 kikatoa gari la bei nafuu lililoitwa One Twenty, ambalo hata karani angeweza kulitamani. Gari hilo lilikiokoa kiwanda, ingawa wako wanaosema kwamba ndilo lililokiua polepole, kwa kuwa tajiri hakupenda tena kupanda gari lenye jina moja na la karani wake. Marehemu hakukubaliana na watu hao, alisema jina likifika kwa watu wa kawaida halijaanguka, limefika. Wakati wa vita kuu vya pili kiwanda kiliunda injini za ndege, vita vilipokwisha kikarudi kwenye magari, lakini washindani wake walikuwa wameshakuwa wakubwa kuliko chenyewe, mwaka 1954 kikaunganishwa na kampuni ya Studebaker, mwaka 1956 kazi ya Detroit ikasimama, na mwezi wa Julai 1958, katika mji wa South Bend jimbo la Indiana, gari la mwisho lenye jina la Packard likatoka, jina likafa likiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Mmeusikia mwezi huo. Ni mwezi uleule ambao marehemu alishuka Nairobi na kifuko chake, naye alipokuja kuujua ukweli huo baadaye sana alisema, "Kumbe nilifika mjini siku za matanga yake, na hakuna aliyeniambia."

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Benta Adoyo tarehe 14 Desemba 1968. Benta alikuwa binti wa marehemu Mzee Sylvance Obura, fundi wa reli, wa nyumba za reli za Makongeni, na Mzee Obura hakuipenda habari hiyo hata kidogo, alimwita binti yake sebuleni mbele ya wajomba, akamwambia, "Nimekusomesha hadi darasa la nane, unaniletea Mkamba wa vinyago? Atakulisha tembo wa mbao?" Benta akajibu, "Tembo wa mbao hali, Baba, kwa hivyo chakula chote kitabaki chetu." Wajomba walicheka, mzee akashindwa kujizuia, naye akacheka, na kwa kicheko hicho posa ikapokelewa. Bwana Lalji, aliyekuwa anahamia Uingereza na familia yake mwezi huo, aliwapa maharusi lile gari kuwa zawadi, akamkabidhi dereva wake ufunguo pamoja na kitabu cha maelezo, na Benta, aliyekijua Kiingereza, ndiye aliyemsomea mumewe kitabu hicho ukurasa kwa ukurasa katika mwaka wao wa kwanza wa ndoa.

Ndivyo Packard, gari la wafalme, lilivyokuja kuishi Ofafa Jericho. Kuanzia mwaka 1969 lilibeba maharusi wa Jericho, Makongeni na Majengo, baadaye wa mtaa wa Fedha na hata wa Lucky Summer kulikokuwa bado na matope, na akina mama mliobebwa mnajijua, wengine mmeketi hapa mbele yetu leo. Marehemu alivaa koti jeusi na glavu nyeupe, hakupiga honi ovyo, na gari likizimika njiani, jambo lililotokea, vijana wa mtaa walimpigia kelele, "Muulize aliye nalo!" naye alishuka polepole, akafungua boneti, akasema, "Niulizeni basi, mimi ndiye niliye nalo."

Mwaka 1974 pampu ya maji ilipasuka, na marehemu akamwomba mkewe aandike barua kwa kampuni ya Packard, Detroit, Marekani, kuagiza nyingine. Barua ikarudi baada ya miezi minne, haijafunguliwa, imepigwa muhuri kwamba anayeandikiwa hayupo. Benta alicheka hadi akakaa chini.

"Baba Kyalo, umeandikia kaburi."

"Na kaburi limejibu," akasema marehemu. "Si limerudisha barua?"

Lakini kicheko kilipokwisha alikwenda peke yake hadi maktaba ya Kaloleni, mkutubi akamtafutia kitabu kikubwa, akamsomea tarehe zile tulizozisoma, na alipofika mwaka 1958 marehemu alivua kofia. Pampu aliipata kwa fundi wa Gikomba aliyerekebisha ya lori ikaingia, na kuanzia siku hiyo, kwa kuwa alijua hakuna kipuri kitakachotoka kwa wenyewe tena, kila kilichokufa kwenye gari na kisichogusa moto alikichonga kwa mti wa muhugu, usukani, vishikio vya milango, fremu za madirisha, hata kifuniko cha taa, mpaka gari zima likanukia muhugu, na Mzee Obura, aliyekuwa amelizoea na kulipenda, akasema nusu yake ni ya Detroit na nusu ni ya Wamunyu na hajui itumie pasipoti ya wapi.

Mungu aliwajalia marehemu na mkewe watoto watatu, Kyalo aliyezaliwa mwaka 1969, Clare Kavinya aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1972 katika hospitali ya Pumwani, na Frankline aliyezaliwa mwaka 1976. Clare, akiwa na siku tatu, aliletwa nyumbani ndani ya Packard, na marehemu alipolisimamisha mlangoni alimgeukia mkewe akasema, "Huyu, siku yake ikifika, hatapanda gari lingine." Watoto wa watu mia tatu na zaidi aliwapeleka kanisani, lakini alipokuwa akiwapeleka, alisema, alikuwa akifanya mazoezi tu. Hilo ndilo jambo alilolitaka katika maisha yake kuliko mengine yote, na nyumbani hakuna asiyelijua.

Mwaka 1997, gari likiwa limeegeshwa nje ya matanga, watu wasiojulikana walimng'oa yule ndege wa chuma aliyesimama mbele juu ya boneti. Marehemu alikuwa amemng'arisha ndege huyo kwa miaka karibu arobaini, lakini kichwa chake hakuwahi kukiona, kwa sababu kilikuwa kimevunjika tangu enzi za Bwana Lalji, na kilichobaki kilikuwa shingo ndefu iliyokatika na mabawa yaliyoinuliwa. Clare alipochumbiwa mwaka uliofuata, na siku ikapangwa, marehemu aliamua kwamba binti yake hataingia kanisani na gari lisilo na ndege, akachukua kipande kizuri cha muhugu, akaanza kuchonga. Mabawa aliyajua, shingo aliijua, kwa kichwa akajiuliza ni ndege gani mkubwa mwenye shingo ndefu na mabawa kama hayo, akainua macho, na aliyekuwa akizunguka juu ya Gikomba, kama kila siku, alikuwa korongo. Akamchonga korongo, mdomo mrefu, upara, na mfuko chini ya koo, tena akamchonga vizuri sana, hata manyoya ya shingoni yakaonekana kusimama, na wachongaji wenzake walipomwona waliweka tezo zao chini wakaja kumpapasa, kwa sababu hawakuwa wamewahi kuona kazi kama hiyo, na hakuna aliyefikiria kwamba ndege huyo atatangulia mbele ya bi harusi.

Clare wakati huo alikuwa karani katika ofisi moja mjini, anaolewa katika familia ya mtaa wa Fedha yenye heshima zake, na asubuhi ile, alipotoka na gauni lake, akamwona korongo amekaa mbele ya gari na utepe mweupe shingoni, yakatokea maneno mliyoyasikia. Mama Benta alijaribu kuingilia, akasema korongo atolewe tu, gari liende bila ndege, lakini marehemu akasema gari lake haliendi likiwa limekatwa kichwa, Clare naye akasema basi liende na korongo wake, akashika gauni, akaingia katika gari la kwanza kati ya yale sita meupe, mama yake akaingia naye, msafara ukaondoka.

Marehemu alibaki pale na gari lake. Baadaye sana alimweleza Kyalo kwamba alitaka kuvua koti na kurudi ndani, lakini aliangalia kiti cha nyuma kilichotandikwa shuka jeupe, akaona kwamba shuka hilo limepigwa pasi kwa ajili ya safari na si kwa kurudishwa kabatini. Akawasha gari. Watu waliokuwa barabarani siku hiyo wanakumbuka magari sita meupe yakipita na tarumbeta, na nyuma yake, mbali kidogo, Packard jeusi linalong'aa kila kona, dereva na glavu zake nyeupe, na nyuma hakuna mtu. Vijana waliokuwa wamejiandaa kupiga kelele hawakupiga. Alifika, akaegesha, akaingia, akamshika binti yake mkono na kumkabidhi kwa mumewe kama baba anavyopaswa, na sherehe ilipoanza akarudi nyumbani na gari lake.

Baada ya hapo palikuwa kimya. Hakukuwa na laana wala vikao vya wazee, ilikuwa tu kwamba baba na mtoto hawakusemezana, na salamu zikawa zinapitia kwa mama, mwambie baba yako, mwambie binti yako, miaka ikaenda. Clare alikuja kila Krismasi na watoto wake, akija saa ambazo alijua baba yake yuko kanisani, na baba yake, akizijua saa hizo, aliondoka mapema zaidi ili ampishe.

Pasaka ya mwaka 1999 mnunuzi mmoja wa vinyago alikuja Gikomba na kitabu chenye picha za magari ya zamani, na marehemu akamwona ndege wa Packard akiwa na kichwa chake. Kilikuwa kichwa kidogo, chembamba, hakina mfuko wowote. Alirudi nyumbani, akamtoa korongo kwenye boneti, akakaa naye mapajani.

"Sasa mwambie mtoto," akasema Mama Benta.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ulikosea."

"Mzazi anaanzaje kumwambia mtoto hivyo?"

"Kwa mdomo, Ndambuki. Watu hutumia mdomo."

"Mdomo wangu haujui hiyo kazi," akasema, akachukua tezo, na akamkataza mkewe asimwambie Clare lolote.

Mwaka 2004 injini ya Packard ilizimika kwa mara ya mwisho, gari likabaki hapo uani, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva, watoto wa mtaa wakajifunzia humo kuwa madereva bila kwenda popote, na kila aliyepita akimuuliza marehemu kwa nini haliuzi kwa wanunuzi wa vyuma alijibiwa kwamba gari lina kazi moja halijaimaliza.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari mwezi wa Juni 2014, akajitunza vizuri kwa miaka mingi, lakini tarehe 3 Agosti 2023 alipatwa na kiharusi kilichoushika mkono wake wa kulia na upande mmoja wa mdomo, na tangu siku hiyo hakushika tezo tena. Oktoba 2024 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na Clare alikuja hospitalini, tunashuhudia, hakukosa, ila alikuja baba yake akiwa amelala, akakaa kando ya kitanda, akaondoka kabla hajaamka. Marehemu naye, kama wauguzi walivyotuambia baadaye, mara nyingine hakuwa amelala, alifumba macho tu ili asimfukuze.

Jumamosi tarehe 15 Februari 2025, marehemu akiwa amerudishwa nyumbani, Mama Benta alimtuma Clare, aliyekuwa ameingia kwa mlango wa jikoni kumsaidia kazi, atoe mkeka kwenye buti la Packard, ambalo siku hizi ni stoo. Chini ya mkeka Clare alikuta sanduku, na ndani ya sanduku ndege ishirini na wanne wa muhugu, kila mmoja amefungwa kwa gazeti, mmoja ana shingo iliyopinda, mwingine mdomo mpana, mwingine anafanana na bata bukini, mwingine na mnandi wa ziwani, na chini ya miguu ya kila ndege pamechongwa tarehe 5 Desemba na mwaka, kuanzia 1999 hadi 2022, mwaka wa mwisho mkono ukiwa mzima. Clare alirudi jikoni na wawili mkononi.

"Mama, hawa ndege ni wa nani?"

"Ni wako."

"Wote?"

"Wote. Kila mwaka anasema huyu ndiye, halafu mwaka ukigeuka anasema siye."

"Na yupi ndiye wa kweli?"

"Atajuaje? Vitabu vya kiwanda chenyewe mwaka huu vinamwita mwari, mwaka ule vinamwita mnandi. Wenye gari wenyewe hawakukubaliana, sembuse mtu wa Wamunyu."

"Miaka yote hii, Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikatazwa. Nawe hukuuliza. Nyinyi wawili mmefanana kama miguu ya stuli moja, nimechoka kuwa kiti."

Siku iliyofuata, Jumapili, wengi wenu mlikuwepo, kwa hivyo tunaisoma kwa ufupi. Kuku walitolewa, kiti kikapanguswa, marehemu akavalishwa koti lake jeusi na kuwekwa nyuma ya usukani wa muhugu, mkono wake wa kushoto juu yake, Clare akakaa nyuma, na kijana mmoja akauliza, "Mzee, hii ndai inawaka ama tusukume?" Marehemu akasema, "Sukumeni, lakini polepole, nimebeba bi harusi." Clare alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Walisukumwa kutoka hapa mlangoni hadi kanisani, mwendo wa dakika arobaini kwa sababu ya matairi yaliyokwisha upepo, na hakuna aliyeomba wapumzike.

Marehemu aliaga dunia Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano, mke wake na watoto wake watatu wakiwa naye. Amemwacha mjane wake Mama Benta Adoyo, watoto Kyalo, Clare na Frankline, wajukuu tisa, na Packard moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao walimwita Mzee kwa heshima hata siku alizokuwa mkali, na tunawashukuru wachongaji wa Gikomba waliolichonga jeneza hili kwa mikono, bila kupima kwa futi, nalo limemtosha. Tunamshukuru mchungaji na waumini, madereva wenzake wa zamani waliosafiri kutoka mbali, na majirani wa Ofafa Jericho, kwa chai, kwa viti, kwa kulala nasi siku hizi zote, na kwa mabega yenu ile Jumapili. Safari ya kwenda Wamunyu itaanza mara baada ya ibada, na tunaomba magari yaende kwa mwendo wa taratibu.

Fundi, umeweka tezo chini, hakuna atakayekuamsha kwa kazi nyingine. Lala kwa amani ya Mungu katika udongo wa kwenu, na ukae salama mpaka tukuone.

Yamebaki maneno machache ambayo Clare ameomba yasomwe mwisho. Jumamosi ile, alipotoka jikoni na wale ndege wawili, hakupitia ndani, alizunguka nje hadi mlango wa mbele, mlango ambao hakuwa ameuingia baba yake akiwa ndani tangu asubuhi ya harusi yake. Ulikuwa wazi. Marehemu alikuwa kwenye kiti chake, ameelekezwa dirishani, na shingo yake tangu kiharusi haikugeuka, hakuweza kuona ni nani amesimama. Clare akasema tu hodi, kwa sauti ndogo. Mama Benta akadhani mzee hakusikia. Kisha marehemu, kwa ule mdomo uliovutwa upande, neno moja moja, akauliza, "Nani huyo anayebisha hodi kwao?"